Mpaka Karatasi ya Mwisho

Kajiado, bwenini
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa shangazi yangu, Senge Nakhumicha,

Mulembe kutoka huku kwenye upepo. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi ya Kajiado haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Unaendeleaje na mgongo? Ile cherehani ilipata sindano mpya? Nisalimie majirani wote wa kibanda chako, hasa Mama Gakuru na mdomo wake.

Bahasha hii imekufikia kwa mkono kwa sababu matroni wetu anaishi Kisaju, na binti yake anafanya kazi hapo Kitengela. Ukitaka kunijibu, mpe huyo huyo. Nimeona afadhali niandike. Simu ya shule ni dakika tatu kila Jumapili, na nyuma yako kuna foleni ya wasichana wanaosikiliza. Mama akishika anasema, "Tuko sawa, wewe soma," halafu dakika zinaisha. Baba naye akiwa kazini Magadi, mara nyingi simu haiingii kabisa.

Habari za masomo si mbaya. Hisabati nimepanda kutoka C hadi B. Sisi wa kidato cha nne tumebakisha miezi sita, na mwalimu wa darasa amebandika ukutani kalenda ya siku zilizobaki.

Sasa, Senge, jambo lililonifanya niandike. Nilipoondoka Aprili, mdogo wangu Morgan alikuwa anapelekwa hospitali kwa ajili ya tumbo. Mama alisema ni minyoo. Lakini siku ile ya mwisho nilimbeba mgongoni mpaka dukani, na nilipomshusha mkono wangu ulipita ubavuni kwake, upande wa kushoto. Palikuwa pagumu, kama ameficha kiazi chini ya ngozi. Nilidhani nimekosea. Hata sasa natumaini nimekosea. Naomba uniambie daktari alisema nini.

Mtoto wako,
Beverlyne Naliaka


Kitengela
30 Mei 2025

Naliaka wangu,

Mulembe mwana. Mgongo uko, unauma, lakini bado ni wangu. Sindano nilinunua. Mama Gakuru anakusalimu. Juzi alileta gauni nilipanue, akasema limerudi kwa kufuliwa, linambana. Nikamwambia, "Mama Gakuru, gauni halijarudi, ni wewe umekuja." Hakuongea na mimi siku mbili. Huku mvua imenyesha na huu udongo mweusi umeshika viatu vya watu. Mtu anatoka kwake mfupi, anafika steji ameongezeka urefu.

Sasa Morgan. Usishtuke. Tulienda Nairobi, hospitali kubwa, wakampiga picha za tumbo, wakaona kiuvimbe. Wamemfanyia upasuaji wakakitoa, pamoja na figo moja. Daktari, mama mmoja mpole, alituambia mtu anaweza kuishi na figo moja mpaka azeeke. Morgan alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Na ile ingine mlipea nani?" Baadaye akaniita karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Senge, mwambie Beve asikuje hapa. Watachukua yake."

Anawekewa dawa ya mshipa kila baada ya wiki tatu. Inamchosha, na nywele zitatoka kidogo. Akiwa nyumbani anakaa kwa dirisha anahesabu malori ya maji yakipita. Unajua anajua kuhesabu mpaka kumi na moja tu. Likipita lingine ni "kumi na moja ingine".

Baba yako amesema usisumbuliwe na hizi habari, uko na mtihani mwaka huu. Kwa hivyo soma.

Senge wako,
Nakhumicha


Kajiado
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Senge,

Wenzangu bwenini walicheka sana kwa ajili ya gauni la Mama Gakuru, na sasa kila mtu akichelewa kufunga sketi anaambiwa, "Ni wewe umekuja." Tulipanda miche ya miti nyuma ya maabara, lakini mbuzi wa jirani waliila yote siku moja wakati wa gwaride. Mimi nimekuwa kiongozi wa maktaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imepasuka kwenye mkunjo. Umeandika "kiuvimbe". Nilimuuliza mwalimu wa Biolojia, bila kutaja jina la mtu, ni uvimbe gani unaotibiwa kwa dawa ya mshipa inayotoa nywele. Aliniangalia kwanza. Kisha akanieleza taratibu, na akasema watoto wengi hupona wakiwahiwa. Nimelishika hilo la kupona. Hata hivyo nataka uliandike lile neno wewe mwenyewe, kwa sababu ukiliandika nitajua kwamba na mengine utaniandikia.

Unakumbuka babu yangu, Kuka, alipofariki? Nilikuwa darasa la tano. Siku nne nzima mliniambia Kuka amelazwa hospitali, nami nikamchorea ng'ombe wake wote watano, kila mmoja na rangi yake, nikampa Baba ampelekee. Baba aliipokea ile picha, akaikunja, akaitia mfukoni. Kila mtu mezani alijua isipokuwa mimi. Sina kinyongo. Lakini mlipokuwa mnalia mimi nilikuwa nachora.

Senge, sitaki hivyo tena. Hali ikiwa nzuri niambie. Ikiwa mbaya niambie mapema, nije nimwone hata kwa siku moja. Niahidi.

Naliaka


Kitengela
24 Juni 2025

Naliaka,

Sisi huku ni wazima. Upepo uling'oa bati moja la kibanda likatua kwa Mama Gakuru, akasema nimemtumia kwa makusudi. Fundi amelirudisha.

Hii karatasi nimeikalia siku nne.

Ni saratani. Saratani ya figo. Sasa nimeandika.

Na kwa vile nimeandika hilo, acha niandike na lingine ambalo sijaambia mtu, hata mama yako. Krismasi nilimshonea Morgan kaptura ya kaki. Januari ikambana kiunoni, nikaachilia kidogo. Februari nikaachilia tena. Machi kitambaa cha kuachilia kikaisha, nikaongeza kipande kingine na lastiki. Na kila mara nilikuwa nacheka: "Huyu Mzee Morgan anakula!" Niliita watu waje waone kitambi cha chifu. Naliaka, kazi yangu ni kupima miili ya watu. Niko na futi shingoni kutoka asubuhi mpaka jioni. Miguu ya huyo mtoto ilikuwa inakonda na kiuno kinapanuka, na mimi nikaona afya. Daktari aliuliza, "Tumbo lilianza kufura lini?" Mama yako akasema hajui vizuri. Mimi nilijua. Nilijua mwezi na nilijua inchi. Nikanyamaza.

Umeniomba ahadi. Nakuahidi. Kizuri nitaandika na kibaya nitaandika, na kama ni kukuja nitakuita mwenyewe, hata baba yako akinuna.

Na wewe niahidi utakula. Matroni ametuma neno kwamba unaacha chakula.

Nakhumicha


Kajiado
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwa Senge mpendwa,

Nilifika salama kutoka likizoni, na blanketi ulilonishonea limeonewa wivu na bweni zima. Tunafanya mtihani wa majaribio kila wiki. Nakula, uliza matroni.

Kuna jambo nilitaka kukuambia nikiwa nyumbani Agosti, lakini hatukubaki wawili hata siku moja. Ni kuhusu kaptura. Mimi nami nilishika ule ugumu Aprili, nikapanda gari nikaja shule, nikakaa wiki tatu kabla ya kuuliza. Basi tuko wawili. Ukijilaumu, unilaumu na mimi. Na kama huwezi kunilaumu mimi, jisamehe.

Naikumbuka sana ile siku ya kinyozi. Morgan alikuwa amekataa kutoka nje kwa sababu ya kichwa chake, na nilipokaa kwenye kiti na kusema, "Toa zote," alishika kioo kwa mikono miwili ili asikose kuona. Alisema, "Sasa umekuwa kijana. Kesho utanyolewa ndevu." Huku wasichana wananiita Askari. Sijali. Asubuhi ninaponawa uso mkono ukipita kichwani, ninamkumbuka.

Alikuwa mwepesi, Senge. Alikuwa mwepesi kuliko begi langu la vitabu. Lakini siku niliyoondoka alikula mayai mawili, akaomba na la kwangu, na hilo nimeliandika kwenye daftari pamoja na mambo mazuri ya mwaka huu.

Msomee hii kwa sauti: "Morgan, Kajiado malori ya maji ni machache, lakini siku ya mnada kuna malori ya ng'ombe. Jana nimehesabu kumi na mbili. Kumi na mbili ni kumi na moja na lingine moja. Nitakufundisha Desemba."

Naliaka


Kitengela
22 Septemba 2025

Naliaka wangu,

Mulembe. Sisi tuko. Watu wameanza kuleta nguo za Desemba mapema mwaka huu.

Morgan amesomewa barua yako mara tatu na amekataa. Anasema hiyo kumi na mbili umetunga.

Wameacha kumwekea ile dawa ya mshipa. Daktari amesema sasa apumzike nyumbani. Nywele zimeanza kurudi, laini kama manyoya ya kifaranga, na yeye anazishika kutwa. Amesema, "Beve alinyoa zake za bure." Kuna dawa ya maji ya kupunguza maumivu, inamsaidia kulala. Mama yako amechukua likizo kazini. Baba yako amekuja kutoka Magadi na atakaa kidogo. Mimi nimehamisha cherehani hapo kwenu sebuleni, nashona nikiwa karibu.

Usiwaze sana.

Senge


Kajiado
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kwa Senge,

Salamu kwenu wote. Huku mvua haijafika, ng'ombe wanapita nje ya ua wakiwa mbavu tupu, na matroni anasema hata punda wake amegoma.

Barua yako ilikuwa fupi. Daktari akisema mtoto apumzike nyumbani, anapumzika ili apate nguvu za dawa nyingine, au hakuna dawa nyingine? Baba hajawahi kukaa mbali na kazi zaidi ya siku tatu. Wewe hujawahi kuhamisha cherehani, hata bati lilipong'oka. Kama ni wakati wa kuniita, niite. Mtihani wangu unaanza Novemba. Nitaomba ruhusa ya siku moja kwa mwalimu mkuu na nitarudi siku ya pili kusoma, naahidi.

Jumamosi tarehe kumi na nane ni maombi ya watahiniwa. Wazazi wamealikwa. Kama Morgan ana nguvu, mleteni. Hata akibaki ndani ya gari nitamwona dirishani.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo niliyoikunja mara nne. Hiyo ni yake peke yake. Msomee mkiwa wawili tu.

Naliaka


Kitengela
15 Oktoba 2025

Naliaka,

Mulembe. Pole kwa kuchelewa. Tulikuwa tumeenda nyumbani Kimilili kidogo kwa ajili ya mavuno, tumerudi jana. Mahindi yamefanya vizuri. Nyanya yako, Kukhu, anakusalimu.

Baba na Mama watakuja kwa maombi. Mimi sitaweza, niko na nguo za watu.

Morgan anakusalimu.

Fanya mtihani wako vizuri. Mungu yuko.

Nakhumicha


Kajiado
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Kwa Senge,

Natumai mgongo umetulia na nguo za watu zimepungua. Sisi tumepewa nambari za mtihani, na madawati yamesogezwa mbali mbali, kila mtu kisiwa chake. Karatasi yangu ya kwanza ni Jumatatu ya wiki ijayo.

Baba na Mama walifika mapema siku ya maombi. Walileta chapati na kuku mzima. Baba alikuwa amenyoa kichwa na ndevu zote. Nilikuwa sijawahi kuona kidevu chake. Alinishika mkono muda mrefu akaniuliza kama nina kalamu za kutosha. Aliuliza mara tatu. Mama alikuwa amejifunga kitambaa. Tulipoinama kuwasha mishumaa upepo ulikivuta kikaanguka mabegani, na kichwa chake nacho kilikuwa kimenyolewa, hakuna hata unywele. Alikirudisha haraka, akacheka.

"Nimenyoa nifanane na Morgan," akasema.

"Umependeza," nikamwambia.

Senge, wewe ndiye uliyeniandikia kwamba nywele za Morgan zimerudi.

Nakumbuka Kuka alipozikwa. Siku ya tatu, siku ya lufu ya kunyoa waliofiwa, jamaa wote tuliketi uani, wembe ukapita kichwa hadi kichwa, na wewe ulinishika kidevu nisitikisike. Uliniambia nisilie kwa ajili ya nywele, zitaota. Na mtu hamsafirishi mtoto mgonjwa mpaka Kimilili kwa sababu ya mahindi.

Sitakuuliza lile swali. Najua umekatazwa, na najua aliyekukataza. Mama alinikumbatia langoni akasema, "Utufanyie vizuri," na nilimwahidi, kwa hiyo nitafanya. Lakini naomba uniambie machache kuhusu hayo mavuno. Yalikuwa siku gani? Mvua ilinyesha? Mama alikuwa na mtu wa kumshika? Ni upande gani wa boma, karibu na Kuka, au kule kwenye migomba? Na ile karatasi niliyoikunja mara nne, iliwahi?

Kama huwezi, acha. Ila usiniandikie tena kwamba ananisalimu.

Naliaka


Kitengela
5 Novemba 2025

Naliaka, mtoto wa kaka yangu,

Leo sina habari za majirani.

Morgan alituacha Jumatatu tarehe sita Oktoba, saa nne asubuhi, hapa Kitengela, kwenye kochi la dirishani. Hakuwa na maumivu, mama yako alikuwa amempa dawa mapema. Alikunywa uji vijiko vitatu. Alitaka viatu, tukamvalisha. Hakuwa na nguvu ya kuhesabu malori, akaniambia, "Senge, hesabu wewe." Nikahesabu. Nilikuwa nimefika tisa mama yako akaniambia, "Nakhumicha, nyamaza kidogo." Nikanyamaza, tukasikiliza, hatukusikia kitu.

Tulimzika Jumamosi. Yuko karibu na Kuka, upande ambao jua linatokea, si kwa migomba. Baba yako alichagua mwenyewe. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Mama yako alishikwa na Kukhu upande mmoja na mimi upande mwingine, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye alitushika. Watoto wa Sunday School waliimba, mmoja akasahau maneno, wakaanza upya. Nguo zake zilinunuliwa dukani. Mimi sikuweza kukaa kwa cherehani.

Karatasi yako haikuwahi. Ilifika Jumanne, siku moja baadaye. Sikuifungua. Niliitia kwa mfuko wa shati lake nikafunga kifungo.

Sasa ile ahadi. Alhamisi tarehe mbili daktari alituambia ni siku chache. Nilivaa viatu nije nikuchukue. Baba yako akasimama mlangoni. Hujawahi kuambiwa hii: ndugu yetu Joram alifariki baba yako akiwa kidato cha nne, na mwalimu alimwita nje katikati ya karatasi ya Hisabati akamwambia. Akarudi ndani akaandika jina lake tu. Miaka mitatu alichunga ng'ombe za watu kabla apate kurudia. Aliniambia, "Dada, mtoto wangu hatapewa msiba juu ya dawati. Asiambiwe mpaka karatasi ya mwisho." Alikuwa analia. Sijamwona akilia tangu Joram. Nikavua viatu.

Lakini aliyekuahidi ni mimi, si yeye. Ulikuwa umebakisha siku nne za kumwona na nilikunyang'anya. Halafu nikaandika anakusalimu, nikiwa nimekaa kwa kitanda chake. Kwa hilo sina sababu ya kukupa. Nilitaka tu hayo maneno yaandikwe mara moja tena.

Baba yako amerudi Magadi na hajui kwamba nakuandikia. Kama nakosea tena, basi nimekosea. Ila mtu akiuliza kama mvua ilinyesha, keshajua. Kilichobaki ni kumwacha ajue peke yake au kukaa naye.

Senge wako, kama bado unanitaka,
Nakhumicha


Kajiado
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kwa Senge wangu,

Bado ni Senge wangu. Naanza na hilo ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi.

Nimemaliza karatasi nyingi, zimebaki tatu. Mvua imefika hatimaye, na uwanja wa gwaride umeota majani. Tulipokuwa tunadurusu Biolojia mwalimu alianza kuchora figo ubaoni, akanitazama, akafuta, akachora jani. Sikuwahi kumwambia kitu.

Barua yako niliisomea katika stoo ya matroni, nimekaa juu ya gunia la maharagwe. Alinipa bahasha, akanifungia kwa nje, na kila aliyekuja kuchukua sabuni alimwambia ufunguo umepotea. Nilikaa humo mpaka kengele ya chakula. Kesho yake ilikuwa karatasi ya Kemia. Sijui nimefanyaje, lakini sikuacha swali hata moja.

Nilikukasirikia siku tatu. Nakuambia kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Nilizichukua zile siku nne nikazipangia. Siku ya kwanza ningemwosha miguu kwenye karai, kwa sababu alipenda maji ya vuguvugu. Ya pili ningemwambia hadithi ya fisi mpaka achoke nayo. Ya tatu ningemwacha anitukane kuhusu kichwa changu. Siku ya nne nilikosa cha kuweka, nikaona ningekaa tu hapo kwenye kochi na kufanya alichotaka. Na hilo wewe ulilifanya. Hapo hasira ilipungua. Haikuisha yote, Senge. Iliyobaki nitakuja nayo nyumbani, tutaongea.

Nafurahi hukuifungua ile karatasi. Usiniulize niliandika nini.

Sasa kuhusu Baba. Kwanza nilifikiri nijifanye sijui, ili aniambie kwa namna aliyopanga. Lakini nimechoka kujifanya, na siku ile ya kalamu niliona kwamba naye amechoka. Karatasi ya mwisho ni Ijumaa tarehe ishirini na moja, na atakuja kunichukua kutoka Magadi moja kwa moja. Najua njia nzima atakuwa anatafuta maneno, na hatayapata. Tafadhali mpigie simu Alhamisi. Mwambie Naliaka anajua tangu siku ya maombi. Mwambie hakuandika jina tu, ameandika mpaka mwisho wa kila ukurasa. Na mwambie kwamba, kwa vile sasa najua habari za Joram, sijamkasirikia, ila ningependa siku moja anisimulie mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Mama naye asijifunge kitambaa kwa ajili yangu.

Nina ombi moja la mwisho. Huku sijalia. Bweni lina vitanda arobaini na kila mmoja ana mtihani, na mmoja akianza wote wanaamka na kuuliza. Kwa hiyo nimenyamaza, na nimekuwa hodari kupita nilivyotaka. Ijumaa tukifika, msiniketishe. Msinipe chai, msiniulize habari za safari, na asiwepo mgeni wa kuniombea. Wewe na Mama simameni hapo mlangoni, Baba nitakuwa naye. Nataka kulia kwa sauti nikiwa na watu wangu, na mtu yeyote asiniambie nyamaza.

Nikimaliza, chai nitapika mimi.

Naliaka